-ness, -ity, -hood au -tion? Kuchagua kiambishi tamati unapoandika hadithi kwa Kiingereza

Mwandishi aliyekulia kwenye Kiswahili akikaa kuandika hadithi kwa Kiingereza, kuna mahali lazima akwame. Kwetu, ukitaka kugeuza sifa au cheo kuwa nomino dhahania, mara nyingi unaweka u- mbele na kazi imekwisha: ugumu, utoto, urafiki, ufalme, uongo, utu. Kiingereza hakina mlango mmoja wa namna hiyo. Ugumu wa jiwe ni “hardness”, ugumu wa maisha ni “hardship”. Ufalme ukiwa nchi ni “kingdom”, ukiwa cheo ni “kingship”. Na uongo ndio unaosumbua zaidi: kuna “falseness”, kuna “falsity”, kuna “falsehood”, na kamusi nyingi zitakurudisha kwenye neno lile lile ulilotoka nalo.

Makala haya ni kwa watu wa aina tatu: anayeandika riwaya au hadithi fupi kwa Kiingereza, anayefasiri fasihi kutoka Kiswahili, na mwanafunzi wa isimu anayetafuta kiambishi cha kuchambua katika tasnifu yake. Ninachokisimamia ni hiki: ndani ya hadithi, kiambishi tamati, yaani kipande kinachobandikwa mwishoni mwa neno, hakichaguliwi kwa maana peke yake. Kinaamua msimulizi amesimama wapi.

Vigezo

Kila kiambishi nitakipima kwa mambo manne. Kwanza shina: kinashikana na neno la aina gani. Pili sauti: kinahamisha mkazo au kinauacha ulipo, maana sentensi ya hadithi husikika hata ikisomwa kimoyomoyo. Tatu umbali: kinamsogeza msimulizi karibu na mhusika au kinamweka kando. Nne uhuru: je, unaweza kubuni neno jipya nacho bila msomaji kukunja uso? Baada ya hapo nitasema kinamfaa nani.

Kigezo cha tatu ndicho ninachokiona kizito kuliko vyote. Vitabu vya sarufi hukigusia kwa mbali, lakini katika fasihi ndicho kinachoamua.

Viambishi vya watendaji, kama -er ya “teacher” na “singer”, nimeviacha. Vinakaribiana sana na umbo letu la mwimbaji na msomaji, na watu hawakwami hapo kwa muda mrefu. Nimeacha pia -th ya “warmth”, “depth” na “truth”. Maneno yake ni mazuri mno, fupi na yenye uzito, ila kiambishi chenyewe kimekufa: unarithi yaliyopo, huwezi kuongeza.

-ness

Shina. Kimo katika lugha hiyo tangu Kiingereza cha kale, na kinapenda vivumishi. “Kind” inakuwa “kindness”, “dark” inakuwa “darkness”. Hakibagui asili. Hata kivumishi chenye damu ya Kilatini hukipokea, ndiyo maana “curiousness” ipo kwenye kamusi ingawa wengi husema “curiosity”. Kinaweza hata kubeba fungu zima la maneno, kama katika “matter-of-factness”.

Sauti. Hakigusi chochote. Mkazo wa “lonely” uko silabi ya kwanza, na wa “loneliness” uko hapo hapo. Msomaji analisikia neno dogo la mwanzo likiwa zima ndani ya lile refu.

Umbali. Kwa kuwa kivumishi kinaendelea kusikika, -ness humweka msimulizi karibu na hisi za mhusika. Chukua msichana aliyetoka Pangani, amefika mjini usiku kwa mara ya kwanza na amelazwa kwenye chumba cha shangazi yake. Linganisha sentensi hizi mbili:

“The strangeness of the town came in through the window.”

“The peculiarity of the town came in through the window.”

Ya kwanza ni ya msichana mwenyewe. Ugeni unaingia dirishani pamoja na kelele na harufu, naye hana jina la kuupa zaidi ya hilo. Ya pili imeandikwa na mtu aliyekwisha kuutazama mji, akaupima, akaweka maoni yake. “Peculiarity” inamfanya msomaji aulize: upekee gani hasa? Akishauliza, dirisha halina kazi tena na msichana ametoweka kwenye sentensi yake mwenyewe. Tofauti ya maana kati ya maneno hayo mawili ni ndogo. Tofauti ya mahali tuliposimama ni kubwa.

Nguvu hiyo ina upande wake wa pili. -ness huweza kugeuza sifa kuwa kitu kinachojaza mahali. Joseph Conrad, Mpolandi aliyejifunza Kiingereza ukubwani, alisafiri kwenye Mto Kongo mwaka 1890, na hadithi iliyozaliwa na safari hiyo, Heart of Darkness, ilianza kuchapishwa mwaka 1899. Nomino aliyoiweka kwenye jina ni “darkness”, na giza hilo si sifa ya msitu tu au ya usiku. Limekuwa kama maji ambayo bara zima na watu wake wamezamishwa humo. Chinua Achebe alipoishambulia hadithi hiyo katika mhadhara wa mwaka 1975 huko Amherst, Marekani, alizungumzia taswira ya Afrika, hakuwa akizungumzia mofolojia, yaani muundo wa maneno. Lakini kwa maoni yangu ile nomino imebeba sehemu ya mzigo. Sifa ukishaigeuza kuwa kitu, haimhitaji tena mwenye sifa, na hapo ni rahisi kuwatandika watu wote kwa neno moja. Anayeandika kuhusu watu maskini, wagonjwa au wakimbizi aliangalie hilo kabla hajaandika “helplessness” ya kijiji kizima.

Uhuru. Ni mpana kuliko wote hapa. Mwanaisimu Harald Baayen alipendekeza uhai wa kiambishi upimwe kwa kuhesabu maneno yanayojitokeza mara moja tu katika mkusanyo mkubwa wa matini, kwa kuwa humo ndimo maneno mapya yanamojificha. Kwa kipimo hicho -ness humwacha -ity nyuma sana.

Kinamfaa nani. Msimulizi mtoto, msimulizi wa nafsi ya kwanza asiye na elimu kubwa ya darasani, na kila mandhari inayopitia kwenye ngozi, pua na macho ya mhusika. Kasoro yake ni kwamba ni rahisi kulundika. Aya yenye “sadness”, “loneliness” na “emptiness” kwa pamoja imeshamwambia msomaji ahisi nini, badala ya kumpa kitu cha kuhisia.

-ity

Shina. Kimetoka Kilatini kupitia Kifaransa, na kinataka jamaa zake: “curious”, “divine”, “sane”, “human”. “Oddity” ni mmoja wa wachache waliovuka mpaka, kwa kuwa “odd” ilitoka kwa watu wa Skandinavia.

Sauti. Hapa kuna mabadiliko makubwa. Mkazo unasogea: “curious” ina mkazo mwanzoni, “curiosity” ina mkazo kwenye silabi ya tatu. Irabu zinabadilika, sikiliza “sane” na “sanity”, au “divine” na “divinity”. Hata konsonanti huguswa: “electric” inaishia na k, “electricity” ina s mahali pale pale. Neno la mwanzo linavunjwa na kujengwa upya, kwa hiyo msomaji halisikii sana lile la asili.

Umbali. Mbali zaidi. Ni sauti ya aliyesoma, ya anayeainisha mambo. Tena maneno ya -ity huwa na tabia ya kujitegemea. “Humanity” ni utu, lakini pia ni wanadamu wote duniani. “Curiosity” ni udadisi, lakini pia ni kitu cha ajabu kilichowekwa kabatini. Jane Austen alipotoa Sense and Sensibility mwaka 1811, “sensibility” ilimaanisha wepesi wa kuguswa na hisia, jambo lililokuwa na mjadala wake katika Uingereza ya wakati huo. Leo “sensible” ni mtu mwenye busara, yaani karibu kinyume. Nomino imeachana na kivumishi chake, na kwa mwandishi hiyo ni mali: neno moja lina historia ya kutosha kushikilia kitabu kizima.

Uhuru. Una mipaka. Kivumishi kinachoishia na -able kitakubali bila ubishi, “readability” na wenzake, na hapo -ity ana nguvu kweli kweli. Kwingine utazuiwa na neno lililotangulia. Mark Aronoff, katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu uundaji wa maneno, alionyesha kwamba “gloriosity” haipo kwa sababu “glory” imeshakalia nafasi hiyo, ilhali “gloriousness” inapita bila shida.

Kinamfaa nani. Msimulizi aliye nje ya hadithi na mwenye jicho la kuchambua. Mhusika hakimu, daktari, mhadhiri au padri anapofungua kinywa. Kinafaa pia pale mhusika anapojificha nyuma ya lugha nzito kwa sababu jambo lenyewe linamuuma. Mjane anayesema “the severity of the situation” badala ya kutamka kwamba mumewe amekufa ametuambia mengi.

-hood, -ship na -dom

Hawa nawaweka pamoja. Wote ni wa Kiingereza cha kale, na -hood na -dom zamani yalikuwa maneno kamili: la kwanza lilimaanisha hali au daraja la mtu, la pili hukumu au sheria, nalo ni ndugu wa “doom” ya leo.

Shina. Zaidi ni nomino za watu: “child”, “mother”, “widow”, “friend”, “king”. Vivumishi ni vichache, kama “free”, “wise”, “hard” na “false”.

Sauti. Mkazo unabaki ulipo.

Umbali. Hapa swali linabadilika. Badala ya karibu au mbali, kundi hili linamweka mhusika ndani ya jamii. “Widowhood” si huzuni ya mwanamke, ni ujane: hatua yenye muda, mavazi, ndugu wa mume na macho ya majirani. Mfasiri wa Kiswahili anahitaji kuwa makini sana hapa, kwa sababu u- yetu hubeba tabia na hatua kwa pamoja. Mama anapomwambia kijana wake “acha utoto”, huo ni “childishness”. Mzee anapokumbuka “utoto wangu kule Lamu”, hiyo ni “childhood”. Umama wa mlezi mwenye huruma ni “motherliness”, hata kama hajazaa. Umama wa aliyejifungua jana ni “motherhood”, hata kama hana huruma.

Sasa turudi kwenye uongo, maana yale matatu yote yako mezani:

“She heard the falseness in his laugh.”

“She proved the falsity of his claim.”

“He told her three falsehoods before breakfast.”

Kicheko kina “falseness” kwa sababu inasikika, iko kwenye sauti. Madai yana “falsity” kwa sababu huo ni uamuzi wa akili, karibu mahakamani. “Falsehood” ni uongo uliokwisha kusemwa, unaohesabika, mmoja mmoja. Ukizibadilishana nafasi, hakuna sentensi itakayovunja sarufi, lakini hadithi itatetereka. Mwanamke anayesikia “falsity” kwenye kicheko cha mumewe anasikika kama wakili.

Uhuru. Hautabiriki. -dom imeonyesha uhai katika “stardom” na “fandom”. -hood na -ship huongeza maneno kwa uangalifu zaidi.

Kinamfaa nani. Riwaya za familia, za ndoa, za vizazi, na mfasiri wa hadithi za pwani zilizojaa ujane, ujirani, undugu na usuhuba.

-tion na -ment

Shina. Vitenzi. “Imagine” inakuwa “imagination”, “amaze” inakuwa “amazement”. Kwa kazi ile ile kuna pia -al ya “refusal” na “arrival”, -ure ya “departure” na -ance ya “acceptance”.

Sauti. -tion huvuta mkazo hadi silabi iliyo kabla yake. -ment kwa kawaida huuacha.

Umbali. Kitenzi kina mtendaji, nomino inaweza kumficha. “The soldiers burned the village” ina watu ndani yake. “The destruction of the village took one afternoon” haina mtu hata mmoja. George Orwell, katika insha yake ya mwaka 1946 kuhusu siasa na lugha ya Kiingereza, alilalamikia desturi hii, ya kuandika “by examination of” mahali ambapo “by examining” ingetosha. Malalamiko yake yalihusu maandishi ya siasa, na huko nakubaliana naye.

Katika riwaya, kumficha mtendaji wakati mwingine ndiyo sanaa yenyewe. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, alianza na riwaya Memory of Departure mwaka 1987, na mwaka 2005 akatoa Desertion. Tazama jina hili la pili. Linasema kuna kutelekezwa, halisemi nani amemtelekeza nani. Ukiingia ndani unakuta Mwingereza Martin Pearce na Rehana katika mji mdogo wa pwani ya Kenya mwaka 1899, na miaka mingi baadaye unamkuta Rashid akiiacha Zanzibar na watu wake. Kitenzi kingelazimika kumchagua mmoja awe mwenye kosa. Nomino ya -ion inawabeba wote kwa pamoja, walioacha na walioachwa, na inamwachia msomaji kazi ya kugawa lawama. Sijui kiambishi kingine cha Kiingereza ambacho kingeweza kazi hiyo kwa neno moja.

Uhuru. -ation ni karibu lazima kwa vitenzi vya -ize, kwa hiyo kinaendelea kuzaa. -ment siku hizi hazai sana.

Kinamfaa nani. Mhusika karani, afisa wa wilaya, msemaji wa serikali, mtu anayeandika ripoti kuhusu jambo lililoua watu. Na mwandishi anayetaka tendo lenyewe lisimame bila mwenyewe, ilimradi awe amekusudia hivyo.

-ing

Kwa ufupi tu, kwa sababu msemaji wa Kiswahili anakifahamu tayari bila kujua. Kitenzi chetu cha ku- ni nomino pia: kuondoka kwake kuliniuma. Mwenzake wa karibu ni “his leaving”, na “his departure” ni wa mbali. Shina: karibu kitenzi chochote. Sauti: mkazo haubadiliki. Umbali: karibu sana, tendo bado linatembea. Uhuru: hauna shida. Kinamfaa yeyote aliyeona ukurasa wake umejaa -tion bila sababu.

Uchague vipi

Ukiwa na msimulizi mtoto au mtu asiye na makuu, anza na -ness na -ing. Weka -ity kwenye midomo ya watu wazima wanaomzunguka, na tofauti ya umri itasikika bila wewe kuieleza.

Ukiandika kuhusu ukoloni, kambi, hospitali au ofisi yoyote yenye mafaili, acha -tion itawale kwenye barua na hotuba za wakubwa. Lakini masimulizi ya walioumizwa yape vitenzi vyenye watu.

Ukifasiri kutoka Kiswahili, usianze na kamusi. Kwanza uliza u- iliyoko mbele yako ni ya nini: ni tabia, ni hatua ya maisha, ni cheo, au ni jambo linalohesabika? Tabia itakupeleka -ness au -ity, kulingana na nani anasema. Hatua na cheo vitakupeleka -hood au -ship. Kinachohesabika chunguza kimoja kimoja.

Ukitunga kwa ajili ya kusomwa jukwaani, sikiliza mkazo kuliko maana. Mfululizo wa -ness una mwendo wa hatua fupi fupi. Mfululizo wa -ity na -tion unakimbiza silabi nyepesi nyingi, na msomaji wa sauti atahitaji pumzi.

Ukiwa mwanafunzi wa tasnifu, chagua kwa kuangalia swali lako. Kama ni mtindo na nafsi ya msimulizi, jozi ya -ness na -ity itakupa mengi. Kama ni mamlaka na nani anafichwa, nenda na -tion. Kama ni jinsia na familia, -hood inakungoja. Riwaya za zamani zisizo na hakimiliki zinapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg, na programu ya bure kama AntConc itakutolea kila neno linaloishia na herufi unazotaka. Baada ya hapo pitia orodha kwa jicho lako mwenyewe. Mashine itakuletea “harness” ikidhani ni -ness, “city” na “pity” ikidhani ni -ity, “moment” ikidhani ni -ment, “seldom” na “random” ikidhani ni -dom. “Witness” itakutia mashaka pia, lakini hiyo iache ndani: ilijengwa kwa -ness kweli, zamani, kutoka kwenye neno la kujua.